Kaseti ya Wafaransa Sokoni Bwera

Mwezi uliopita niliitwa Kasese kwenye kikao cha kupanga arusi ya binti wa dada yangu. Tulikaa katika hoteli mpya, pale palipokuwa ghala la pamba zamani, kando ya bwawa la kuogelea ambamo hakuna mtu aliyeogelea. Walituletea chai ya maziwa na sambusa ndogo ndogo ambazo mtu anamaliza kwa mdomo mmoja. Nilikuwa katikati ya kusema jambo kuhusu mbuzi, sikumbuki jambo gani, muziki ukaanza kutoka kwenye spika iliyofichwa kwenye maua. Ngoma ya chini, polepole. Halafu kinanda. Nilinyamaza. Nikaweka kikombe chini, nikageuza sikio upande ule, nikangoja. Vijana waliendelea kutafuna na kucheka na simu zao. Lakini kwenye meza ya pili niliona wanawake wawili wa rika langu, ambao siwajui, nao wamenyamaza. Mmoja alikuwa ameshika sambusa hewani, haijafika mdomoni. Tukaangaliana. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni wa Bwera?" Nikasema, "Wa Bwera." Akasema, "Haya, nani amekufa?" Basi tulicheka sisi watatu mpaka mhudumu akaja mbio kuuliza kama chai iko na shida.

Binti wa dada yangu aliniuliza, "Mama mdogo, mnacheka nini?" Ningeanzia wapi? Kwa hiyo naandika hapa. Mimi si mwandishi, niliishia darasa la saba, na Kiswahili changu nilikiokota sokoni kwa Wakongo na kwa wanajeshi. Lakini mwaka wa muziki ule niliandika daftari kila siku, ninalo mpaka leo, na pale ambapo daftari na kichwa changu havikubaliani nitasema hivyo. Habari za wazazi wangu na mashamba yao naziacha. Mwaka ule niliutumia ndani ya chumba kimoja, na chumba hicho kinatosha.

Kilikuwa juu ya stoo ya kahawa, karibu na soko la mpakani, unapanda kwa ngazi ya mbao. Ndani kulikuwa na meza, amplifaya, mashine ya kaseti, maikrofoni iliyofungwa kitambaa, na betri mbili za gari chini ya meza. Kuta tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Chumba kizima kilinuka kahawa mbichi. Hata nywele zangu zilinuka, hata mkate nilioleta wa saa nne. Nje, kwenye mlingoti wa mkaratusi, kulikuwa na vipaza sauti vinne, kimoja kinaangalia mlimani, kimoja Kongo, viwili mjini. Watu waliita kitu hicho kizindalo. Mwenyewe alikuwa Mzee Kule, fundi wa redio, mtu mwenye maneno machache na soksi nyingi; alivaa jozi mbili hata jua likiwaka. Aliniweka pale kwa sababu nilikuwa nasoma bila kukwama katika Lhukonzo na Kiswahili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitangaza mbuzi waliopotea, chanjo, mikutano ya kahawa, na vifo. Vifo ndiyo kazi yenyewe. Simu hazikuwepo, na mwaka ule milimani hapakuwa na usalama, familia nyingi zilikuwa zimeshuka kukaa huku na kule mjini kwa watu. Mtu angeweza kufiwa na ndugu yake mtaa wa pili asijue kwa wiki nzima.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni lazima aelewe. Sisi Wakonzo tunaitwa kwa namba. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, na wasichana ni Masika, halafu Biira, kama mimi, na kuendelea. Wenzetu wa Butembo, Kongo, ng'ambo ya mto wa mpakani, nao wana zao. Kila nyumba iko na Baluku wake. Kwa hiyo ukitangaza kwamba Baluku amefariki, umetangaza nusu ya wilaya. Wiki yangu ya kwanza nilifungua maikrofoni tu nikasema. Watu walikuwa mashambani, wakasikia jina, hawakusikia maelezo. Mwanamume mmoja alikimbia kutoka kwenye mihogo yake akilia njia nzima mpaka kwa kaka yake mkubwa, akamkuta mlangoni ananyoa ndevu. Yule kaka alipanda ngazi yangu akiwa na sabuni upande mmoja wa uso. "Wewe mtoto," alisema, "mimi niko hapa. Niangalie. Umeniona?" Nikasema nimemwona. "Basi tangaza tena, useme niko hapa." Nikatangaza.

Nilijaribu kupiga chuma, watu wakadhani ni shule. Nilijaribu kuhesabu moja mpaka kumi, wakacheka. Nilihitaji kitu cha kuwapa watu muda wa kuweka jembe chini, kutoka ndani, kusogea mahali ambapo sauti inafika vizuri, kabla sijasema jina. Kitu hicho alinipa Mama Kavira. Alikuwa Mkongo wa Butembo, mjane, anauza vitenge chini ya ngazi yangu, na mchana tulikula pamoja ndani ya kibanda chake, bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, na siku nzuri kipande cha samaki wa ngege kutoka ziwani. Alikula akiongea na aliongea akikunja vitambaa. Siku moja alitoa kaseti kwenye mfuko wa aproni. "Biira, chukua hii kitu. Paluku, mutoto wa kaka yangu, ule iko Paris, alinitumia. Mimi nilimuomba rumba, yeye ananitumia hii! Sikiliza weye mwenyewe. Hakuna mutu anaimba. Mwanamuke mumoja tu analia aa, aa, na ngoma inatembea kama mutu hana kazi. Ni nini ile?" Nikamwambia labda ni ya kanisani kule. Akasema, "Kanisa ya banani, ya batu gani?" na akaniongezea sombe.

Niliipeleka juu nikaisikiliza peke yangu. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili ulikuwa wa dakika sita. Ngoma inaanza yenyewe, haina haraka, kama mwanamke anayetwanga huku anawaza mambo mengine. Halafu kinanda kinaingia kidogo kidogo, kama maji yanayopita chini ya mlango. Halafu yule mwanamke anaimba bila neno hata moja. Nilifikiri: hauna Lhukonzo, hauna Kiswahili, si wa Wakatoliki wala wa Waprotestanti, na hakuna mahali pengine popote Bwera mtu anaweza kuusikia. Kesho yake alikufa mzee wa kinu. Niliweka ule wimbo, nikangoja dakika mbili nzima kwa saa ya ukutani, nikaushusha chini, nikasema jina, baba, mama, kijiji, kazi, nani amemwacha, anazikwa lini. Hakuna aliyekimbilia nyumba isiyo yake.

Baada ya mwezi mmoja sikuhitaji kueleza kitu. Ngoma ikianza tu, kutoka dirishani niliona soko lote linasimama. Muuza nyama alishusha panga. Wanawake waliacha kupima maharage, mkono ndani ya bakuli. Afande wa kizuizi cha barabarani alikuja kunihoji, akajaza mlango wote. "We msichana! Hii muziki inaita nani?" "Inaita watu wa matanga, afande." Akafikiri. "Hakuna mwingine?" "Hakuna, afande." "Haya, endelea." Baadaye nilimwona mara nyingi akivua kofia, na huyo alikuwa mtu wa mbali, hakuwa na ndugu huku. Watoto waliukariri. Mama aliyetaka mtoto anyamaze alimwimbia aa, aa, na mtoto akanyamaza. Niseme wazi: nilijivunia. Nimejaribu miaka mingi kuandika neno dogo kuliko hilo, sikupata. Msichana wa darasa la saba aliweza kusimamisha mji mzima bila kupaza sauti.

Lakini haki ni haki. Kaseti ilikuja na karatasi yake. Juu yake kulikuwa na picha ya watu wamelala kando ya bwawa la maji, wamevaa miwani myeusi, glasi mkononi zenye mirija, na mwanamke mmoja amenyoosha mguu hewani. Niliiona siku ya kwanza. Watu wale hawakuwa wamefiwa. Nilitoa ile karatasi nikaificha ndani ya daftari, na daftari halisemi kwa nini. Kichwa changu leo kinataka kusema sikuelewa. Sidhani. Nadhani nilielewa nusu, na nusu nyingine nikakataa kuiuliza.

Mwezi wa saba wa kazi yangu Paluku alikuja kumwona shangazi yake. Viatu vyeupe, shati la maua, kijana mwenye heshima kweli, alimletea Mama Kavira sabuni na miwani ya kusomea. Alifika siku ya soko, saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimeanza kutangaza kifo cha mke wa fundi seremala, mwimbaji wa kwaya, mwanamke aliyependwa sana. Ngoma ikaanza. Soko likasimama. Na katikati ya soko lililosimama, nikaona shati la maua linacheza. Macho yamefumba, bega moja linashuka, jingine linapanda, mkono juu kama ameshika glasi. Alikuwa na furaha tu, maskini, amesikia kitu cha kwake mahali asipotegemea. "Shangazi!" alipiga kelele, "hata huku beko nayo!" Mama Kavira alimshika shati. "Paluku, acha! Mutu amekufa!" "Nani amekufa? Hii ni musiki ya kucheza! Kule banacheza hii jioni, na verre ya pombe mukononi!" Seremala mwenyewe alikuwa pale, amekuja kununua misumari ya jeneza. Wanaume wawili walimfuata Paluku na fimbo. Afande ndiye alimwokoa, alimweka nyuma ya kizuizi mpaka watu wakatulia. Mimi nilikuwa juu na maikrofoni. Niliitangaza ile tanzia mpaka mwisho. Sauti yangu ilitetemeka, na watu baadaye walisema nilikuwa nacheka. Sikuwa nacheka.

Jumapili baada ya misa niliitwa. Kikao kilikuwa ndani ya darasa la katekisimu, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Aliyeongoza alikuwa Katekista Masereka. Nataka nimwandike sawasawa, kwa sababu kwa miaka nilimsimulia vibaya. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na hakunipigia kelele hata mara moja. Aliniuliza, "Biira, ulijua ni muziki wa anasa?" Mzee Kule, aliyekaa nyuma na soksi zake, alinitikisia kichwa: kataa. Kama ningekataa kikao kingekwisha. Nilifungua daftari, nikatoa ile karatasi, nikamwekea mezani. Watu wakainuka kuangalia. "Huyu mguu wake unaenda wapi?" mama mmoja aliuliza, na mwingine akasema, "Unaenda Bwera, kutuzika." Wengine walicheka kidogo kisha wakaona aibu. Katekista hakucheka. Alisema, "Miezi saba, watu wetu wameenda kaburini na hii." Niliomba msamaha kwa seremala, naye akaupokea bila kuniangalia. Wakaamua: kaseti inakaa kwa Katekista, na tangu siku hiyo matangazo ya vifo yatatanguliwa na wimbo wa kanisa. Kazi nilibaki nayo, ila watu walisema nitajaribiwa mwezi mmoja. Usiku ule niliandika mstari mmoja tu: Labda wako sahihi. Hata leo siwezi kuufuta mstari huo.

Hoteli ile ya Kasese inapiga muziki ule ule kwa watu waliolala kando ya maji, kama kwenye picha, na nadhani hatimaye uko mahali pake. Kasese niliyoijua, ya treni na baiskeli na vumbi la pamba, imekwenda, na mlingoti wetu wa Bwera umekatwa, na pale sasa panauzwa simu. Sitaki kuwa mzee wa kulalamika. Kizindalo kiliwasumbua wagonjwa, kiliamsha watoto, na mara mbili nilitangaza mbuzi wa mtu kuwa ameibwa kumbe amefungwa nyuma ya nyumba. Simu ni nzuri. Siku hizi kifo kinafika mfukoni mwako upesi, kati ya picha ya keki na picha ya mtoto wa jirani aliyemaliza shule. Unakisoma peke yako, umesimama. Hakuna anayekungoja uweke jembe chini. Hilo tu ndilo ninalosema.

Wimbo wa kanisa ulikuwa mzuri, kwaya yetu wenyewe iliurekodi. Shida ni kwamba nyimbo za kanisa nilizipiga kila asubuhi, na kanisa lilizipiga, na kila kibanda chenye redio kilizipiga. Watu waliusikia wakaendelea kupima maharage. Wiki ya pili alikufa Mzee Thembo, aliyebeba mizigo ya wageni kutoka Nyakalengija kupanda mlimani maisha yake yote, mtu aliyekuwa hakosi kwenye mazishi ya mwenzake. Nilimtangaza mara tatu. Nilikwenda mazikoni mwenyewe. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kaburi lilikuwa juu, kwenye mteremko mkali, na wanaume wa kubeba walikuwa wanne na Katekista. Walipumzika njiani mara nyingi; mara moja jeneza liliteleza kwenye tope, Katekista akalizuia kwa kifua, joho lake jeupe likawa jekundu la udongo. Kesho yake sokoni watu waliniuliza, "Thembo amekufa? Lini? Kwa nini hukutangaza?" Nilijibu kwamba nilitangaza. "Tulisikia wimbo tu." Hakuna aliyenilaumu kwa ubaya. Lakini sikula mchana ule, na Mama Kavira, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, alinisukumia sahani tu.

Siku chache kabla mwezi wangu wa majaribio haujaisha, asubuhi, nilisikia ngazi inalia chini ya mtu mzito. Alikuwa Katekista Masereka. Hakuwa na joho, alivaa koti lake la shambani. Hakukaa. Alisema, "Mama yangu amekufa alfajiri." Nikasimama, nikampa pole, nikashika kalamu niandike maelezo. Akanipa jina la mama yake, Masika, na la baba, na la kijiji. Halafu akatoa kaseti mfukoni akaiweka mezani. "Weka ile," alisema. Nilijua ni ipi. Nilimuuliza hata hivyo, "Ipi, Katekista?" Nilitaka aseme, huo ni ubaya wangu na ninauandika. Aliniangalia, akasema bila hasira, "Ile ya kucheza, binti yangu. Mama alikuwa na watu wengi. Nataka wasikie."

Niliirudisha kaseti mpaka mwanzo, nikabonyeza. Ngoma ikaanza, polepole, ikatoka nje kwa vipaza sauti vinne. Katekista alikuwa dirishani. Chini yetu soko lilisimama kama halijawahi kuacha, muuza nyama, wapima maharage, afande na kofia yake. Mama Kavira alitoka na kitenge nusu amekikunja. Kutoka kwenye kahawa juu watu walianza kushuka. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Nikashika kitufe cha kushusha muziki, kama nilivyozoea, na Katekista akanigusa mkono.

"Ngoja. Unamwona yule mwenye kikapu cha samaki?"

Nilimwona. Mwanamke alikuwa anashuka kwenye pikapu iliyotoka Kikorongo, amesimama sasa kando ya barabara, kikapu kichwani, amegeuza sikio upande wetu kama wengine wote.

"Ni dada yangu," alisema. "Alilala huko kwenye samaki. Bado hajajua."

Yule mwanamke alianza kutembea kuja sokoni, kwa mwendo wa mtu anayetaka kusikia vizuri jina la mtu mwingine. Katekista aliteremka ngazi. Saa ya ukutani ilionyesha dakika tatu, kisha nne. Wimbo ulikuwa na dakika sita, na sikujua kama zitatosha. Nilimwona akipita katikati ya watu, wanampisha bila kuambiwa. Nilimwona akifika, na dada yake akitabasamu, akimwuliza kitu, labda akimwuliza nani amekufa. Katekista akamtua kikapu kichwani, akakiweka chini. Akamshika mikono yote miwili. Halafu akainua uso kuangalia dirisha langu, na mimi nikashusha muziki, nikafungua maikrofoni, nikataja jina la mama yao.